Kabla ya Kuifungua Injini, Ipime

Gari linakula oili, linatoa moshi, na likianza kupanda mwinuko wa Mazeras, nje kidogo ya Mombasa, linaishiwa nguvu. Fundi analisikiliza dakika mbili kisha anatoa hukumu: “Bosi, injini imenoki,” yaani imekwisha. Kuanzia hapo mazungumzo ni ya bei ya injini nyingine iliyotumika kutoka Japani. Napinga mtindo huu kabisa. Dalili hizo tatu zinaweza kuletwa na ringi (pete za pistoni) zilizochakaa, valvu isiyofunga, gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku) iliyoungua au sili za valvu zilizokauka, na gharama za kuzitengeneza hazikaribiani hata kidogo. Sili za valvu hubadilishwa injini ikiwa garini. Beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) ikiisha, injini huenda ikashushwa chini. Kasoro hizi zote zinaweza kutambuliwa kabla bolti moja ya hedi haijaguswa.

Nitatumia mfano wa injini ya petroli ya silinda nne, 1NZ-FE ya Toyota, kwa kuwa ndiyo iliyo chini ya boneti za Probox na Fielder nyingi na magari mengine mengi madogo ya hapa Mombasa.

Anza asubuhi, injini ikiwa baridi na gari likiwa limesimama mahali tambarare. Chomoa kijiti cha oili. Oili nyeusi peke yake si ugonjwa. Oili iliyopanda juu ya alama na kunuka petroli inaonyesha kuna injekta inayovuja au silinda isiyochoma vizuri, na petroli hiyo inaosha oili kwenye kuta za silinda. Oili iliyogeuka rangi kama chai ya maziwa ina maji ndani. Lakini angalia inapatikana wapi: utando mweupe chini ya kifuniko cha oili tu, kwenye gari linalokwenda safari fupi za Nyali na kurudi mjini, mara nyingi ni mvuke uliokosa joto la kutosha kukauka. Utando huohuo ukiwa kwenye kijiti, hapo maji yameshafika sampu (bakuli la oili chini ya injini), na gari halipaswi kuwashwa tena.

Kisha moshi. Mweusi ni petroli nyingi, na kwa kawaida hauhusiani na uchakavu wa ndani. Mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto ni maji yanayoungua. Wa buluu ni oili, na hapa wakati unaotokea ndio unaosema ukweli. Ukitoka kwa sekunde chache gari likiwashwa baada ya kulala usiku mzima kisha ukapotea, shuku sili za valvu: oili imechuruzika usiku na kutuama juu ya pistoni. Ukitoka kila unapokanyaga mafuta kwa nguvu, shuku ringi. Kuna jaribio zuri la barabarani kwa sisi wa huku: teremka kutoka Mazeras kuelekea Miritini mguu ukiwa umeuondoa kwenye mafuta, kisha kanyaga, na mwenzako aliye nyuma aangalie ekzosi. Throto (mlango wa hewa ya injini) ikiwa imefungwa, injini hufyonza kwa nguvu na oili hupita kwenye sili na gaidi za valvu, yaani mirija ambamo valvu huteleza. Wingu moja la buluu mwisho wa mteremko, halafu kimya, kunaonyesha tatizo liko kwenye hedi, si kwenye ringi.

Sasa geji ya kompresheni, kifaa kinachopima mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Hiki ndicho kipimo kikuu, na ndicho kinachofanywa vibaya kuliko vyote. Injini iwe na moto wa kazi, betri iwe imejaa, stata iwe na nguvu. Toa plagi zote nne, si moja moja, ili injini izunguke kwa wepesi uleule kila unapopima. Chomoa soketi za umeme za koili na za injekta zote. Throto lazima iwe wazi kabisa: mwenzako akanyage mafuta hadi mwisho, na wewe utoe bomba la hewa uone kwa macho yako kwamba kibati cha throto kimefunguka, kwani kwenye throto za umeme si kila mara kinafuata mguu. Throto ikifungwa, hata injini yenye afya husoma chini, na mwenye gari hulipia ovahoo isiyohitajika. Zungusha stata mpaka kila silinda imesukuma mara tano hadi saba, idadi iwe sawa kwa zote nne. Andika namba mbili kwa kila silinda: msukumo wa kwanza na namba ya mwisho.

1NZ-FE yenye afya husoma karibu psi 210 (psi ni kipimo cha mgandamizo). Kikomo cha chini ni karibu psi 156, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 14 hivi. Tofauti hiyo naijali kuliko namba yenyewe. Silinda nne zote zikisoma 165, injini imezeeka kwa usawa na inaweza kuendelea kufanya kazi. Zikisoma 190, 185, 120 na 190, kuna kitu kimeharibika kwenye silinda ya tatu. Zikisoma 190, 190, 110 na 115, yaani mbili zinazopakana zimeanguka pamoja, mara nyingi gasketi ya hedi imeungua kwenye ukuta ulio kati yao. Na namba ya kwanza ina maana yake: ringi zilizochakaa huanza chini kisha hupanda taratibu kila msukumo, ilhali valvu iliyoungua huanza chini na kubaki chini.

Kwa silinda iliyoanguka, rudia kipimo baada ya kumimina kijiko kimoja cha chai cha oili kupitia tundu la plagi. Zungusha kidogo isambae, kisha pima. Ikipanda kutoka 120 hadi 165, oili imeziba kwa muda njia iliyo kati ya ringi na silinda, basi tatizo liko chini. Ikibaki 122, hewa inatokea kwenye valvu au gasketi. Usimimine zaidi ya kijiko, maana oili nyingi hupunguza nafasi ya juu ya pistoni na kukupa namba ya uongo. Na kwenye dizeli jaribio hili usilifanye kabisa: nafasi ya juu ya pistoni ni ndogo sana, na oili inaweza kuwaka yenyewe. Dizeli pia inahitaji geji yake, kwa sababu kompresheni yake inaweza kuzidi psi 400 na geji ya petroli inaweza kupasuka.

Kabla ya kuihukumu valvu, fungua kifuniko cha juu upime nafasi zake kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), injini ikiwa baridi. Kwenye 1NZ-FE valvu za kuingiza hewa zinatakiwa kuwa na milimita 0.15 hadi 0.25, za ekzosi 0.25 hadi 0.35. Valvu iliyobana haikai vizuri kwenye kiti chake, kompresheni inavuja, na dawa yake ni kubadilisha kikombe cha valvu. Hedi haijafunguliwa.

Jambo moja huwachanganya hata mafundi wazoefu: gari linakula oili sana lakini kompresheni ni safi. Hakuna ajabu. Kompresheni inashikwa na ringi mbili za juu, wakati oili inakwanguliwa na ringi ya tatu. Hiyo ya tatu ikigandishwa na masizi ya oili iliyokaa muda mrefu bila kubadilishwa, oili hupanda na geji haisemi kitu. Kwa hiyo pima ulaji wenyewe: jaza mpaka alama ya juu, tembea kilomita 1000, kisha uone imeingia kiasi gani kurudi alama ileile. Injini hii inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Ikimaliza lita moja katika umbali huo, si ya kusubiri.

Ukiwa na kompresa na geji ya kuvuja, kipimo cha kuvuja kwa hewa kinamaliza ubishi. Peleka pistoni juu kabisa valvu zote mbili zikiwa zimefungwa, shikilia krenki kwa spana imara kwenye puli, kisha ingiza hewa ya psi 100 kwenye tundu la plagi. Weka mikono mbali, kwani pistoni ikiteleza kidogo tu hewa inaisukuma chini na spana inaruka. Sikiliza. Hewa ikipuliza kwenye throto, valvu ya kuingiza; kwenye ekzosi, valvu ya ekzosi; kwenye mdomo wa oili, ringi. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi au hedi iliyopasuka. Mvumo mdogo kwenye mdomo wa oili ni wa kawaida kwa injini yoyote. Geji ikionyesha zaidi ya asilimia 20 inapotea, ndipo uanze kuwa na wasiwasi.

Kuhusu maji, Mombasa ina ugonjwa wake. Visima vingi vya huku vina maji ya chumvi, na maji hayo humiminwa kwenye rejeta kana kwamba rejeta haina cha kupoteza. Chumvi hula alumini. Hedi ikifunguliwa utaona vishimo kuzunguka njia za maji, hasa pale ukingo wa gasketi unapokaa, na gasketi mpya juu ya vishimo hivyo haikai. Tumia kulanti (dawa ya kupozea injini) nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini, yale ya kuongezea betri, na hakikisha dukani hupewi asidi. Mtindo wa kutoa themostati kwa sababu ya joto la Pwani nao unaua injini polepole: ikikimbia barabara kuu haifiki joto lake la kazi, petroli inazidi, na silinda zinaoshwa oili.

Kupima gasketi, fungua rejeta asubuhi injini ikiwa baridi, kamwe si ikiwa moto, kisha washa. Mapovu yasiyokoma, au mpira wa juu wa rejeta kuwa mgumu ndani ya dakika moja kabla maji hayajapata moto, ni gesi ya silinda. Kuna pia dawa ya buluu inayofyonzewa hewa ya juu ya rejeta. Ikigeuka njano, gesi ya moto imo ndani ya maji. Hedi ya gari lililochemka iwekewe rula ya chuma iliyonyooka: ikipinda kupita milimita 0.05, ipelekwe kusawazishwa kwenye mashine kwanza.

Mlio ndio unaoogopesha watu, na unatofautiana. Tiki nyepesi juu ni valvu. Mkwaruzo wa sekunde chache baada ya kuwasha ni cheni ya taiming. Kugonga kunakopungua injini ikipata moto ni pistoni inayocheza kwenye silinda, na injini hiyo inaweza kudumu. Kugonga kwa chini kunakozidi unapopandisha mizunguko na kusikika zaidi unapoachia mafuta ni beringi ya konrodi. Chomoa soketi ya injekta moja baada ya nyingine. Pale mlio unapolegea, ndipo penye silinda yenyewe. Chomoa injekta, si koili, ili petroli mbichi isiende kuharibu ekzosi. Kisha funga geji ya oili mahali pa swichi yake: oili ikiwa moto, matarajio ya jumla ni psi 10 kwa kila mizunguko 1000 kwa dakika.

Uthibitisho wa beringi uko ndani ya filta. Kata mkebe kwa kikata mabati kinachozunguka, kwa sababu msumeno utajaza chembe zake. Tandaza karatasi ya filta juu ya bati safi, ioshe kwa petroli, pitisha sumaku. Unga wa kijivu unaonata kwenye sumaku, kidogo, ni uchakavu wa kawaida. Vipande vyeupe vinavyong'aa visivyonata ni alumini ya pistoni au beringi. Ukiona mng'ao wa shaba katikati ya mikunjo, beringi imeisha tabaka la juu na inafikia la chini. Usiiendeshe hata hadi Changamwe.

Mvua za masika zikijaza barabara, gari lililozimika ndani ya maji lisipigwe stata. Toa plagi kwanza, kisha izungushe injini maji yatoke. Konrodi ikipinda, silinda hiyo itasoma kompresheni ya chini kwa sababu pistoni haifiki juu. Shusha waya laini ulionyooka kwenye kila tundu la plagi, pistoni ikiwa juu, ulinganishe urefu. Kamera ndogo ya simu nayo huonyesha mikwaruzo ya wima, na kichwa cha pistoni kilichosafishwa mpaka kinang'aa wakati vingine ni vyeusi: huko maji yanaingia.

Na kama vipimo vyote vinasema injini ibadilishwe, ile unayonunua nayo ipimwe hapohapo dukani. Izungushe kwa spana kwenye puli mizunguko miwili kamili, isikwame popote. Chungulia chini ya kifuniko cha oili na kwenye njia za maji. Fungua bolti ya sampu uone kinachotoka. Omba betri na stata, funga geji, andika namba nne, na ulipe baada ya kuziona.