Cosby hakuonekana hana kosa: aliachiwa, na hiyo ni kitu ingine

Wiki jana nimeisikia tena ile hadithi kwamba koti ilisema Bill Cosby hana hatia, na safari hii ni mezani kwangu, kutoka kwa mama niliyekuwa nataka kumsaidia. Binti yake wa miaka 19 anafanya kazi saluni hapa Kampala, Kisenyi, akashikwa kwa nguvu na mwanaume anayewaletea mafuta ya nywele. Wakaenda polisi, jamaa akakamatwa, akapewa bondi, na baada ya siku mbili tatu yuko mtaani anakunywa chai kama kawaida. Mama akaacha kufuata kesi. Nikamuuliza, mama, kwa nini uliacha? Akaniambia, "Wakili, si ameachiwa, ameonekana hana kosa. Hata yule muzee wa Marekani wa kwenye tivi walimfunga bure, mwisho koti ikasema hana hatia."

Yule muzee ni Bill Cosby. Klipu yake akitoka jela inazunguka WhatsApp mpaka leo, na mimi nimeisikia hadithi hiyo stejini kwa boda, nimeisikia kwa mjomba wa mshtakiwa aliyekuja kuniomba niongee na familia "tuyamalize", nimeisikia kwa kijana anayesoma sheria, huyo ndo aliniuma zaidi. Sasa naandika mara moja, ili nikiulizwa tena niwe natuma hii tu.

Kwa vijana ambao hawakumuona: Cosby hakuwa mtu mdogo. Mwaka 1965 alianza kuigiza kwenye I Spy, na ilikuwa ajabu wakati ule kuona mtu mweusi ni staa wa tamthilia ya kila wiki kwenye tivi ya Marekani, akachukua tuzo ya Emmy mara tatu mfululizo kwa kazi hiyo. Halafu kuanzia 1984 mpaka 1992 akawa Dr. Huxtable kwenye The Cosby Show ya NBC, baba wa watoto watano, daktari wa akina mama wajawazito mwenye chumba cha kuonea wagonjwa ndani ya nyumba yake, sweta za rangi rangi, mke wakili. Watu walimpenda kama baba yao. Ndiyo maana anguko lake linawachanganya watu mpaka leo, wanamtetea Huxtable, na Huxtable ni mtu aliyeandikwa kwenye karatasi.

"Koti ilisema hana hatia"

Hapana. Hapana kabisa. Hii ndiyo inanichosha kuliko zote kwa hiyo nitakaa hapa.

Tarehe 26 Aprili 2018 raia 12 wa juri huko Pennsylvania, wote kwa sauti moja, walimkuta na hatia kwa makosa matatu ya kumdhalilisha kingono Andrea Constand. Kabla ya hapo, 2017, juri nyingine ilishindwa kukubaliana na kesi ikabidi ianze upya. Septemba 2018 akahukumiwa kifungo cha miaka 3 mpaka 10. Akakaa ndani karibu miaka mitatu, na Mei 2021 bodi ilimkatalia kutoka mapema, sababu moja ni kwamba alikataa kuhudhuria mafunzo ya watu waliofungwa kwa makosa ya ngono. Tarehe 30 Juni 2021 Mahakama ya Juu ya jimbo la Pennsylvania ikaifuta hukumu, akatoka siku hiyo hiyo. Watu wanaona tu hapo mwisho, mlango wa nyumba na muzee anainua vidole viwili.

Sasa kwa nini waliifuta? Rudi nyuma. Januari 2004 Constand alikuwa anafanya kazi na timu ya mpira wa kikapu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, na Cosby alikuwa mtu mkubwa pale chuoni, kwenye bodi. Akamwita nyumbani, akampa vidonge vitatu vya bluu akimwambia vitamtuliza, mwili ukalegea, na kilichofuata ndicho alichokiripoti polisi Januari 2005 akiwa amesharudi kwao Kanada. Mwendesha mashtaka wa wakati ule, Bruce Castor, akasema Februari 2005 kwamba ushahidi hautoshi na hatamshtaki. Hakukuwa na mkataba wa kinga uliosainiwa, ilikuwa ni taarifa kwa vyombo vya habari. Baadaye Castor mwenyewe akaeleza kotini kwamba nia yake ilikuwa Cosby asishtakiwe tena milele, ili kwenye kesi ya madai asiweze kujificha nyuma ya haki ya kukaa kimya.

Na kweli Constand akafungua madai, na Cosby akakaa mbele ya mawakili akiwa ameapa, akahojiwa kwa siku kadhaa. Humo ndimo alikubali kwamba miaka ya 70 alijipatia vidonge vya Quaalude, dawa ya kulegeza mwili na kuleta usingizi, kwa nia ya kuwapa wanawake aliotaka kulala nao. Maneno yake mwenyewe, siyo ya mtaani. Mwaka 2006 madai yakamalizwa kwa malipo ya dola milioni 3.38. Karatasi zikafungwa. Mwaka 2015 jaji akafungua sehemu ya karatasi zile, ofisi ya mashtaka ikafufua faili, na tarehe 30 Desemba 2015 wakamshtaki, zikiwa zimebaki siku chache tu kabla ya kufika mwisho wa miaka 12 ambayo sheria yao iliruhusu. Kwenye kesi maneno yake ya Quaalude yakasomwa mbele ya juri.

Hapo ndipo Mahakama ya Juu ikaingilia. Ikasema serikali iliahidi kutomshtaki, yeye akategemea ahadi akaongea, halafu serikali ile ile ikamgeuka na kumfunga kwa aliyoyasema. Majaji walikuwa saba. Wanne wakasema aachiwe na asishtakiwe tena. Wawili wakakubali ahadi ilivunjwa lakini wakasema dawa yake ni kesi kurudiwa bila yale maneno. Mmoja hakukubali kwamba taarifa ya Castor ilikuwa ahadi ya namna hiyo. Soma hukumu yote, ni ndefu, hutakuta jaji hata mmoja aliyeandika kwamba Constand alidanganya au kwamba vidonge havikutolewa. Hawakuulizwa hilo. Waliulizwa kama serikali ilicheza kwa sheria.

Ni kama mechi. Timu imefunga mabao matatu, kesho yake shirikisho likagundua ilichezesha mtu ambaye hakusajiliwa, matokeo yakafutwa. Sawa, yamefutwa, na ilibidi yafutwe. Lakini huwezi kusimama mtaani useme mipira haikuingia wavuni.

Mimi kama wakili hukumu ile naiheshimu, maana siku serikali itaruhusiwa kukudanganya uongee kisha ikufunge kwa maneno yako, wa kwanza kuumia atakuwa mtu wa Kisenyi asiye na pesa, siyo Cosby. Hata Katiba yetu, kifungu cha 28, inasema mshtakiwa halazimishwi kutoa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Kama mwanamke inaniuma. Yote mawili ni kweli na sioni haja ya kuchagua.

Na hapa kwetu kosa hili linatugharimu vibaya zaidi, kwa sababu njia za kutoka ni nyingi na watu wanaziita zote "kuachiwa". Bondi ya polisi: upelelezi unaendelea, ana tarehe ya kurudi kuripoti, na bondi ni bure, ukiombwa pesa kataa. Dhamana ya koti: kesi ipo, yeye anakuja kutokea nyumbani badala ya gereza la Luzira, na sheria yenyewe inampa haki hiyo akikaa rumande siku 60 bila kesi kuanza, au 180 kama ni kosa la High Court peke yake. Disimisi kwa sababu mashahidi hawakuja: ametoka lakini anaweza kushtakiwa tena. Nolle ya DPP, mkuu wa mashtaka wa serikali: serikali imeondoa kesi, na hiyo nayo haizuii kesi kurudi. Halafu ndo kuna akwiti, koti imesikiliza, imepima, imesema hatia haikuthibitishwa, na hapo Katiba inakataza kumrudisha kwa kosa lile lile. Njia tano, na moja tu ndiyo inayohusu kile mnachokiita hana kosa. Hata hiyo moja inasema ushahidi haukufika kiwango, basi.

Kwa hiyo nasema kila siku na nitasema mpaka nistaafu: omba karatasi. Usiulize mtaa, usimuulize mjomba, usiangalie kama jamaa anakunywa chai. Nenda kwa karani na namba ya kesi, uliza imeandikwa neno gani na kwa sababu gani, na kama Kiingereza kinakusumbua mlete mtu akusomee. Na ukiahidiwa kitu na ofisi yoyote, iwe polisi, iwe mashtaka, iwe familia ya pili, iandikwe na isainiwe. Ahadi isiyo na mkataba ndiyo iliyoharibu kazi ya watu wengi kule Pennsylvania, wanawake sita walipanda kizimbani 2018, Constand na wengine watano, kila mmoja akasema ya kwake mbele ya dunia, na yote yakaangushwa na kitu ambacho mwendesha mashtaka alitangaza 2005 bila kukiweka kwenye mkataba.

"Walimmaliza kwa sababu alitaka kununua NBC"

Hii inapendwa sana. Ni kweli kwamba mwanzoni mwa miaka ya 90 Cosby alionyesha nia ya kuinunua NBC, wakati huo mali ya General Electric. Hakuipata. Constand alikwenda polisi 2005, miaka zaidi ya kumi baadaye, na Cosby alishtakiwa 2015 wakati NBC ishachukuliwa na Comcast. Hao wanaomwinda walikuwa wanasubiri nini miaka yote hiyo? Tarehe hazikubali.

"Mbona walinyamaza miaka mingi"

Constand alinyamaza mwaka mmoja. Mmoja. Aliongea 2005, aliyesubiri miaka kumi ni serikali. Wengine zaidi ya 50 waliojitokeza baadaye, ndiyo, walikaa kimya muda mrefu, na mimi nikikaa na wasichana ofisini najua kwa nini, maana wa kwanza kuwauliza "ulienda kufanya nini kwake" ni mama zao. Kwa Uganda kosa kubwa kama ubakaji halifi kwa kupita miaka, lakini ushahidi unakufa. Kwa hiyo usioge, nguo weka kwenye bahasha ya karatasi siyo kavera ya plastiki, nenda polisi uombe PF3A, fomu ya polisi ya uchunguzi wa mwili, daktari aijaze mapema. Fomu ni bure.

"Alilipa, kwa hiyo alikiri"

Hapana, hata hii siipendi ingawa inasemwa na watu wa upande wangu. Mtu analipa madai ili yaishe, na mara nyingi mkataba unaandika kabisa kwamba hakubali kosa. Lakini pia kulipa hakuui kesi ya jinai. Mwenye kesi ya jinai ni serikali, siyo baba wa msichana, na LC1, mwenyekiti wa kijiji, hana mamlaka ya kukaa chini ya mwembe na kumaliza jambo la namna hii kwa mbuzi.

"Pesa ndo ilimtoa"

Pesa ilimpa mawakili wa kukata rufaa mpaka juu, sikatai. Kilichomtoa ni ile ahadi.

"Baada ya hapo amesafishika"

Mwaka uliofuata, Juni 2022, juri ya madai huko California ilimkuta alimdhalilisha msichana mwaka 1975, msichana huyo akiwa na miaka 16, ikaamuru amlipe dola 500,000. Kwenye madai kipimo ni chepesi kuliko jinai na hakuna jela, lakini usiniambie amesafishika. Klipu hiyo mbona hamtumi?

Nirudi kwa mama. Alifungua ncha ya kitenge akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imelowa kidogo kwa jasho, karani alimwandikia namba ya kesi na mstari mmoja wa Kiingereza. Alikuwa ameibeba miezi miwili bila kuisoma, anajua tu ni ya "kushindwa". Nikamsomea: disimisi, mashahidi hawakufika mara tatu. Akanyamaza. Kisha akauliza, "mashahidi ni sisi?" Nikamwambia ndiyo mama, ni wewe na binti yako na yule dada wa kiti cha pili saluni. Jamaa hajapimwa na mtu yeyote bado. Tumeandika barua kwa DPP kuomba faili lifunguliwe tena, PF3A ya binti ipo na ilijazwa siku ile ile, na yule dada amekubali kuja akipata nauli.