Kumbukumbu ni nini, na kwa nini hutuchezea

Naweza kuapa kwamba usiku wa tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, tulitoka nyumbani Majengo, mtaa wa Goma huko Kongo, tukisukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, yenye godoro, mbingu nyekundu nyuma yetu. Yaya, dada yangu mkubwa, hucheka kila nikifika hapo. "Usiku ule tulitoka mikono mitupu. Godoro ni la siku ile ya kuhamishwa." Anamaanisha tarehe 27, tulipoamriwa kuhama, tukashika njia ya mji wa Sake. Simu yake ina picha: chukudu, godoro, na vivuli vyetu barabarani. Mchana kweupe.

Mimi sidanganyi, ila nimekosea. Kumbukumbu haikai kichwani ikiwa nzima kama nguo sandukuni. Tukio huachwa vipandevipande: sura upande mmoja wa ubongo, sauti upande mwingine, hofu kwingine. Sehemu ndogo iliyo ndani kabisa, hipokampasi, ndiyo huvifunga pamoja. Ukikumbuka, ubongo huvikusanya upya, na penye pengo hujaza kwa kinachofanana. Kukimbia mara mbili ndani ya siku tano, na watu walewale, kwa woga uleule: godoro limehama siku.

Mmarekani Henry Molaison aliondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi, kulia na kushoto, mwaka 1953 ili kutibu kifafa. Utoto wake aliukumbuka, lakini jambo jipya halikushika. Mtu aliyetoka chumbani akirudi alikuwa mgeni. Hata hivyo, alipofundishwa kuchora nyota akitazama kwenye kioo, mkono wake uliboreka siku hadi siku, naye akidhani ndiyo mara yake ya kwanza. Kumbe ujuzi wa mwili una ghala lake. Msukuma chukudu anaweza kusahau jina la mteja wa jana, lakini hasahau namna ya kushuka mteremko na magunia ya makala, yaani makaa.

Kuhusu funguo zinazopotea kila asubuhi, jibu ni fupi: mara nyingi hukusahau, hukuzitia akilini tangu mwanzo. Uliziweka huku unabishana kwenye simu.

Kinachonisumbua zaidi ni uhakika. Chombo cha anga Challenger kilipolipuka Januari 1986, mwanasaikolojia Ulric Neisser aliwapa wanafunzi maswali wayajibu kwa maandishi kesho yake: habari ilikukuta wapi, ukiwa na nani? Miaka kama miwili na nusu baadaye aliwauliza tena. Wengi walieleza mambo tofauti na waliyoandika, bila kusitasita, na wengine walipoonyeshwa maandishi yao wenyewe bado walishikilia hadithi mpya.

Nawaelewa. Picha ya yaya nimeiona zaidi ya mara kumi. Nikifumba macho, godoro bado liko juu ya chukudu, na ni usiku.