Kura ya mchujo haikunyang'anyi kura ya Novemba

Januari 21, 2024, zikiwa zimebaki siku mbili jimbo la New Hampshire, Marekani, lipige kura za mchujo za urais, yaani za kuteua mgombea wa kila chama kabla ya uchaguzi mkuu wa Novemba, maelfu ya wapiga kura walipokea simu yenye sauti kama ya Rais Joe Biden, ikiwasihi waitunze kura yao hadi Novemba. Sauti ilitengenezwa kwa akili mnemba. Simu zilikoma, lakini swali limebaki, na ndugu zetu wazungumzaji wa Kiswahili waliopata uraia karibuni bado wanatuletea: nikipiga ya mchujo, Novemba nitakuwa nayo tena? Utakuwa nayo. Tumelijibu mara nyingi mno.

Aliyeandaa simu hizo, mshauri wa siasa Steve Kramer, alitozwa na Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano faini ya dola milioni 6, kwa kuwa namba iliyoonekana kwa wapokeaji ilighushiwa. Kampuni iliyozipitisha, Lingo Telecom, ilikubali kulipa dola milioni 1. Februari 8, 2024 tume hiyo ilitamka kwamba sauti za akili mnemba kwenye simu za kurekodiwa zinabanwa na sheria ya 1991 ya kuwalinda watumiaji wa simu, hivyo mpigiwa lazima awe ameridhia kwanza. Katika mahakama ya jimbo Kramer alikabiliwa na mashtaka ya jinai, na Juni 2025 akaonekana hana hatia. Tafadhali tusichanganye mambo: ile kesi ilikuwa ya jinai, faini ni ya tume, na kushinda moja hakufuti nyingine.

Kuhusu wanasiasa kuungana mkono, tunaelewa uzito wake. James Clyburn, mbunge wa South Carolina, alimuunga mkono Biden Februari 26, 2020, katika mchujo wa chama cha Democratic. Siku tatu baadaye Biden, aliyekuwa ameshindwa majimbo matatu mfululizo, alishinda South Carolina kwa takriban asilimia 49. Hata hivyo tamko la Clyburn halikumwondoa mgombea yeyote kwenye karatasi ya kura. Anayesema "fulani kaungwa mkono, wengine wametolewa" anakosea.

Uvumi kwamba mgombea amejitoa ndio unaotutia hofu zaidi. Februari 1, 2016, wananchi wa Iowa wakiwa tayari kwenye mikutano ya uteuzi, kambi ya Ted Cruz, mgombea wa chama cha Republican, ilisambaza habari kwamba mpinzani wake Ben Carson anaelekea kuacha mbio. Kumbe Carson alikuwa anarudi tu nyumbani Florida kubadilisha nguo. Cruz alishinda, na kesho yake akaomba radhi. Waliobadili uamuzi usiku ule hawakuweza kuurudia.

Kwa utaratibu wa New Hampshire wa 2024, mpiga kura asiyejiandikisha na chama alichagua karatasi ya chama kimoja palepale kituoni, na kabla ya kuondoka aliweza kujaza fomu ya kurudi hali yake ya awali ya kutokuwa na chama. Mwanachama aliyetaka kubadili chama alipaswa kufanya hivyo kufikia Oktoba 6, 2023. Tarehe hizi hubadilika kila msimu, na anayezijua ni karani wa mji wako. Mpigie yeye kabla ya kusambaza ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la kanisani.