Majibu ya vinasaba "hayakuonyesha kitu": hapo ndipo watu wanapokosea

Sentensi hii inachosha masikio: "Tumepima vinasaba, hawakuona kitu, kwa hiyo huu ugonjwa wa retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, si wa kurithi." Ripoti inafungiwa kabatini, ndugu wanaacha kuchunguzwa, na kijana aliyeanza kujikwaa gizani anaambiwa ana bahati.

Hata maabara nzuri haipati jeni husika kwa takriban theluthi moja ya wenye magonjwa haya, wakati picha ya retina na kipimo cha umeme wa retina vinapiga kelele kwamba ni ya kurithi. Cha kuuliza ni hiki: maabara ilitazama wapi?

Jeni zinazojulikana kuhusika zimeshapita 270. Paneli, yaani kipimo cha orodha maalumu ya jeni, husoma zile tu zilizoorodheshwa siku ilipotengenezwa. Kipimo cha eksomu kina upana zaidi, ila nacho kinasoma eksoni, yaani vipande vya jeni vyenye maelekezo ya kutengeneza protini, kama asilimia 1 hadi 2 tu ya vinasaba vyote. Sasa chukua jeni CEP290, mojawapo ya chanzo kikuu cha upofu wa Leber wa utotoni. Kuna badiliko lililotambuliwa mwaka 2006: herufi A ya vinasaba imegeuka G, herufi 1,655 ndani ya introni ya 26 (introni ni kipande kilicho kati ya eksoni). Kwa badiliko hilo moja seli inachomeka kwenye RNA, nakala ya jeni inayotumika kutengeneza protini, kipande cha herufi 128 kisichotakiwa, chenye alama ya kusimama ndani yake, na protini inakatika njiani. Eksomu ya kawaida inapita mbali na herufi hiyo, labda maabara iwe imeiongeza kwa makusudi.

RPGR ina balaa lake. Jeni hii iko kwenye kromosomu X, ambayo mwanamume huipata kwa mama yake, na sehemu kubwa ya kasoro zake imejaa kwenye eksoni iitwayo ORF15, ambako A na G zinajirudiarudia mpaka mashine inayosoma vipande vifupi haijui kipande kipi kinakaa wapi. Mwanamume mwenye upofu wa usiku tangu utotoni, mwenye wajomba wasioona vizuri, akipewa majibu safi bila ORF15 kusomwa ipasavyo, hajapimwa. Samahani kwa ukali, lakini ndivyo ilivyo.

Halafu kuna eksoni zinazofutika zima zima. Kila mtu ana nakala mbili za jeni nyingi, ya baba na ya mama; eksoni ikifutika kwenye nakala moja, mashine inaendelea kusoma nakala ya pili iliyo salama, na ripoti inapendeza. Hugundulika pale tu mtaalamu anapohesabu wingi wa usomaji na kuona umeshuka kwa nusu.

Kwa hiyo kabla ya kutoa damu, uliza: jeni ngapi zinasomwa, ORF15 imo, je wanatafuta eksoni zilizofutika au kujirudia, na introni zipi zimejumuishwa? Damu yenyewe ni mililita chache tu, kwenye kichupa cha EDTA (kizuia damu kuganda) chenye kizibo cha zambarau. Peleka pia picha za retina, matokeo ya kipimo cha umeme, na mchoro wa ukoo wa vizazi 3. Majibu yakitoka safi, omba data ichambuliwe upya baada ya mwaka mmoja au miwili. Kama maabara imeitunza, hakuna haja ya kutoboa mkono tena. Kwa upande wa pili, daktari ahakikishe hakuna kaswende, rubella aliyoipata akiwa tumboni mwa mama, upungufu wa vitamini A wala matumizi ya muda mrefu ya klorokwini, maana hivi huiga sura ya ugonjwa wa kurithi.

Zipo na kauli nyingine za kupotosha. "Kwetu hakuna kipofu." Katika urithi fiche, ambapo mtu huugua akiwa na nakala mbili mbovu, wazazi wote wawili ni wabebaji wanaoona vizuri kabisa, na kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kuugua. Ukoo usio na mgonjwa mwingine ndio sura ya kawaida ya urithi huo.

"Ripoti imetaja mabadiliko mawili, basi chanzo kimepatikana." Polepole. Kwenye ABCA4, jeni ya ugonjwa wa Stargardt unaoharibu katikati ya retina, mabadiliko p.Leu541Pro na p.Ala1038Val mara nyingi hukaa pamoja kwenye nakala moja. Mgonjwa aliye na hayo mawili huenda ana nakala moja tu mbovu, na ya pili bado haijapatikana. Wazazi wapimwe ili ijulikane kila badiliko limetoka kwa nani. Badiliko lililoandikwa "maana haijulikani" nalo lisitumiwe kuamua uzazi wala matibabu.

"Siku hizi kuna tiba ya jeni, jina la jeni si muhimu." Luxturna, tiba ya jeni iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2017, ni ya wenye kasoro kwenye nakala zote mbili za jeni ya RPE65 ambao bado wana seli hai za retina. Mwenye kasoro ya ABCA4 haimsaidii chochote.

"Vitamini A haidhuru." Kwa Stargardt inadhuru: ABCA4 ikishindwa kuondoa mabaki ya vitamini A, sumu hujikusanya chini ya retina, na vidonge vinaongeza mzigo. Chakula cha kawaida hakina tatizo. Vidonge vya dozi kubwa viachwe mpaka jeni ijulikane.