Je, wajua kwa nini betri ya moyo haitumii ncha ya dhahabu?

Ukimpelekea sonara wa Mwanjelwa pete ya dhahabu, haamini macho yake tu. Huisugua kwenye jiwe jeusi mpaka iache mstari, kisha hudondoshea tone la tindikali ya naitriki. Ikiwa ni shaba, mstari hufutika na tone hugeuka kijani. Ikiwa ni dhahabu safi, mstari haubanduki.

Kwa hiyo mtu wa Mbeya, ambako dhahabu ya Lupa kule Chunya imechimbwa tangu miaka ya 1920, ana haki ya kuuliza: kama dhahabu haiogopi tindikali, mbona kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo, ambacho wengi hukiita betri ya moyo, hakina ncha ya dhahabu? Ncha ile inayogusa nyama ya moyo kwa kawaida ni platinamu iliyochanganywa na iridiamu.

Jibu liko kwenye umeme mdogo ambao kifaa huutuma kupitia waya hadi kwenye ncha hiyo ili kuuchochea moyo upige. Majimaji ya mwili yana chumvi, karibu gramu 9 kwa lita, na joto la nyuzi 37. Dhahabu ikikaa humo kimya haina shida, ndiyo maana meno ya dhahabu hudumu. Lakini ukiipitishia umeme ndani ya maji ya chumvi mambo hubadilika: kloraidi iliyomo kwenye chumvi hushikana na atomi za dhahabu na kuzing'oa, hivyo metali huanza kulika. Platinamu, kwa umeme mdogo kama ule, hupokea na kurudisha chaji juu ya uso wake, nayo yenyewe hailiki kwa kiasi cha kuleta madhara. Na kazi yenyewe si ya mchezo. Moyo hupiga karibu mara 100,000 kwa siku, na kwa mgonjwa anayekitegemea kifaa muda wote, kila pigo linahitaji mshtuko wake, mfupi kuliko kufumba na kufumbua, kwa miaka na miaka.

Iridiamu inaingiaje? Platinamu tupu ni laini mno. Ncha nyingi zina umbo la skrubu ndogo inayozungushwa ikaingia kwenye msuli wa moyo, na skrubu laini ingepinda. Iridiamu ya asilimia 10 au 20 huikaza. Mchanganyiko wa 90 kwa 10 ndio uliotumika pia kutengeneza kilo ya mfano ya dunia, iliyotunzwa Ufaransa na kuwa kipimo rasmi kuanzia 1889 hadi 2019. Waliichagua kwa sababu hiyohiyo: ni ngumu na haichakai ovyo.

Faida nyingine ni uzito. Platinamu ina uzito zaidi ya mara 21 ya maji kwa ujazo uleule, kwa hiyo kwenye eksirei huonekana nyeupe kabisa, na daktari anaona ncha imekaa wapi. Sehemu nyingine ni za metali za bei nafuu zaidi: kasha ni titaniamu, na waya mrefu mara nyingi ni mchanganyiko wenye nikeli na kobalti.

Kama una ndugu aliyewekewa kifaa hiki, labda pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, eksirei ya kawaida isimtie hofu. Kipimo cha MRI, kinachopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku yenye nguvu, ni habari nyingine. Lazima awaambie wahudumu mapema na awaonyeshe kadi ya kifaa. Platinamu haivutwi na sumaku kwa nguvu ya kutisha, ila waya unaweza kupata joto, na saketi zilizo ndani ya kasha zinaweza kuvurugika.