OK haikutoka vitani: akronimu za kweli na za kubuni

Kuna ujumbe usioisha kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: eti OK ni "zero killed", maneno yaliyoandikwa ubaoni kambini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, siku ambayo hakuna askari aliyeuawa. Hivi karibuni nimeusikia tena, na safari hii msimulizi akaiita OK "akronimu ya kijeshi". Hapo makosa ni mawili kwa mpigo.

Akronimu ni neno lililoundwa kwa herufi au silabi za mwanzo za maneno mengine, nalo hutamkwa kama neno la kawaida. UKIMWI ni akronimu, kutokana na Upungufu wa Kinga Mwilini. TANU nayo ni akronimu, na kwa Kiingereza zipo radar na laser. OK tunaitamka herufi mojamoja, kwa hiyo ni kifupisho tu. Kosa hili la kwanza ni dogo.

La pili ndilo zito. Akronimu ya kweli huundwa kutokana na maneno yake. Ya kubuni hubandikwa baadaye: neno limeshatumika miaka na miaka, kisha mtu anachukua herufi zake na kuzitafutia maneno yanayoendana nazo. Tena herufi mbili ni rahisi mno kuzitafutia maneno, hata ukitaka kumi tofauti utayapata.

Vita vile vilianza mwaka 1861. OK imeonekana gazetini tarehe 23 Machi 1839, katika Boston Morning Post, miaka 22 kabla ya risasi ya kwanza. Na pale ni herufi O, si sifuri.

Wakati huo waandishi wa magazeti ya Boston walipenda mchezo wa kufupisha misemo, na utani ulinoga zaidi walipoharibu tahajia kwa makusudi. "All right" iligeuzwa "oll wright", ikawa O.W. "All correct", yaani yote ni sahihi, iligeuzwa "oll korrect", ikawa O.K. Mchezo ulipopitwa na wakati, O.W. ilisahaulika pamoja na nduguze wengi. OK ilinusurika kwa sababu ya siasa.

Katika uchaguzi wa 1840, Rais Martin Van Buren alikuwa akitetea kiti chake. Alizaliwa Kinderhook, katika jimbo la New York, na wafuasi wake walimwita Old Kinderhook, yaani Mzee wa Kinderhook. Herufi zikaangukia palepale, nao wakaunda klabu ya O.K. ya kumpigia debe. Wapinzani wakajibu kwa kejeli kwamba OK ilianzishwa na Andrew Jackson, rais aliyemtangulia, kwa kuwa hakujua kuandika "all correct" sawasawa. Angalia hapo: hata mwaka wa pili haujaisha tangu OK ichapwe, na tayari ilikuwa imeshazushiwa asili. Van Buren alishindwa na William Henry Harrison, lakini OK ikabaki midomoni mwa watu. Baadaye mafundi wa telegrafu wakaichukua kuthibitisha kwamba ujumbe umefika.

Rais Woodrow Wilson aliandika "okeh", akiamini kwamba limetoka katika lugha ya Wachoctaw, wenyeji wa asili wa Marekani. Mjadala ulitulia miaka ya 1963 na 1964, Allen Walker Read wa Chuo Kikuu cha Columbia alipochapisha makala zake katika jarida la American Speech. Mtaalamu huyu alipekua magazeti ya zamani na kufuatilia OK tarehe kwa tarehe. Ndiyo kazi ya kutafuta asili ya neno: unatafuta maandishi yenye tarehe, na tarehe ndiyo inayokataa au kukubali simulizi.

Kwa kipimo hichohicho, "news" (habari) haikutokana na herufi za mwanzo za pande nne za dunia kwa Kiingereza: north, east, west, south. Ni wingi wa "new", na zamani Waingereza waliandika "newes", tahajia ambayo haiachi nafasi kwa dira yoyote. SOS, ishara ya kuomba msaada kwa redio, nayo haikuchaguliwa kwa ajili ya "Save Our Souls". Wajerumani waliichagua mwaka 1905, na mkutano wa Berlin wa 1906 ukaikubali kimataifa, kwa sababu katika alama za Morse nukta tatu, mistari mitatu na nukta tatu ni rahisi kuzitambua hewani. Maneno ya kuomba roho ziokolewe yalikuja baadaye.

Najua wanaosambaza simulizi ya ubao wa kambini wanataka kuelimisha, na simulizi yenyewe inagusa moyo. Basi waendelee kusambaza, ila wabadilishe mstari mmoja: OK ni kifupisho cha "oll korrect", Boston, 1839.