Mguu unakufa ganzi na kuuma, eksirei inasema uko safi: maswali na majibu

Nimepiga eksirei ya mguu na kiuno, zote safi, lakini ganzi iko palepale. Ina maana sina tatizo?

Hapana. Eksirei kazi yake ni mifupa, mishipa ya fahamu haionekani kule, hata ile diski laini inayokaa kati ya pingili za mgongo nayo haionekani. Kwa hiyo majibu safi yanakwambia hujavunjika na mfupa haujaliwa, basi, kuhusu ganzi hayajasema lolote. Watu wengi wanakwamia hapa, wanarudi nyumbani na dawa ya maumivu halafu wanakaa mwaka mzima.

Sasa dokta ataanzia wapi?

Akiwa mzuri ataanza na maswali, na hapo ndo we mwenyewe unaweza kumsaidia kuliko mashine yoyote. Kabla hujaenda, chukua karatasi uchore miguu yako miwili, mbele na nyuma, paka rangi sehemu yenye ganzi na sehemu inayouma, maana mara nyingi haziko pamoja. Ile ramani inasema mengi sana.

Ikianzia vidoleni miguu yote miwili, ikapanda taratibu kama vile umevaa soksi, na usiku inachoma zaidi, hapo anafikiria mishipa ya fahamu ya pembeni, na mshukiwa wa kwanza ni kisukari. Ikitokea kwenye kalio ikashuka mguu mmoja, ukikohoa au kupiga chafya inapiga kama shoti, anafikiria mshipa unaobanwa kwenye mgongo wa chini: ganzi ikiishia juu ya unyayo na kidole gumba mara nyingi ni mzizi wa L5 (mshipa wa fahamu unaotoka chini ya pingili ya tano ya kiuno), ikiishia ukingo wa nje na kidole kidogo ni S1 (unaofuata chini yake). Ganzi ya paja upande wa nje tu, bila udhaifu, mara nyingi ni mshipa uliobanwa pale kinenani, na sababu inaweza kuwa mkanda unaobana, kitambi au ujauzito, na wengine wakilegeza tu mkanda wanapona.

Halafu kuna yale maumivu ya kutembea. Ukitembea shavu la mguu linakaza, ukisimama tu dakika chache linaachia, hiyo inaelekea kwenye mishipa ya damu iliyoziba, hasa kama unavuta sigara. Lakini kama kusimama hakusaidii, mpaka ukae au uiname mbele ndo unapata nafuu, hapo shida inaweza kuwa njia ya uti wa mgongo imekuwa nyembamba. Yote mawili mtu anasema "miguu inauma nikitembea", matibabu yake ni tofauti kabisa.

Vipimo vyenyewe ni vipi?

Vya kwanza wala sio vya ajabu. Anagusa unyayo kwa uzi wa nailoni wa gramu 10, anaweka uma wa mtetemo kwenye kidole gumba, anagonga goti na kisigino kwa kinyundo, anakwambia utembee kwa visigino halafu kwa vidole. Damu wanaangalia sukari (ya kufunga ikifika 7.0 mmol/L au HbA1c, yaani wastani wa sukari wa miezi kama mitatu, ikifika 6.5% ni kisukari, ila kama huna dalili wanarudia kuhakikisha), vitamini B12, tezi ya shingo, figo, na mara nyingi VVU na kaswende. Kwa mishipa ya damu wanagawanya presha ya kifundo cha mguu kwa ya mkono, jibu likiwa chini ya 0.9 damu haifiki vizuri.

Baadaye ndo kinakuja kipimo cha umeme wa mishipa ya fahamu. Ila jua kwamba kinapima mishipa minene, ile myembamba inayobeba maumivu na joto hakiioni, kwa hiyo unaweza kuungua miguu kila usiku na kipimo kikatoka kawaida.

Kwa nini nisipige MRI (picha ya sumaku inayoonyesha diski na mishipa ya fahamu) moja kwa moja?

Kwa sababu watu wengi wasioumwa chochote nao wakipigwa MRI wanakutwa na diski zilizotokeza. Picha ina maana kama inalingana na ile ramani yako, vinginevyo unaweza kupasuliwa mgongo wakati shida ni sukari.

Dawa ninazokunywa zinaweza kuhusika?

Ndiyo, na hili linasahaulika mno. Metformin ya kisukari ikitumika miaka mingi inaweza kushusha B12, isoniazid ya kifua kikuu inaathiri B6, baadhi ya dawa za saratani zinaharibu mishipa moja kwa moja, na pombe nyingi ya muda mrefu nayo imo. Usiache dawa kwa uamuzi wako, nenda nazo zote mkononi, pamoja na vile vidonge vya "vitamini za mishipa" unavyojinunulia, maana B6 ikizidi sana nayo inaleta ganzi, ndo ujue.

Na kama una baka kwenye ngozi lenye ganzi, muonyeshe. Ukoma bado upo na unatibika.

Lini nisisubiri miadi?

Ganzi sehemu za siri na pale unapokalia, mkojo umegoma kutoka au unatoka bila kujua, miguu yote inalegea: hiyo ni hospitali leo hii, sio kesho. Vilevile mguu mmoja uliovimba na kupata joto ghafla, mguu uliopoa na kupauka ghafla, unyayo unaoburuzika, ganzi na ulegevu vinavyopanda juu ndani ya siku chache, au ganzi ya upande mmoja ikiambatana na mdomo kupinda.

Wamemaliza vyote, hawajaona kitu. Ndo basi?

Inatokea, na haimaanishi unajitungia. Maumivu yenyewe yanatibiwa hata chanzo kisipojulikana, kwa dawa kama amitriptyline, gabapentin au duloxetine, maana panadol kwa maumivu ya mishipa ya fahamu haisaidii sana. Omba upimwe tena baada ya miezi kadhaa, chora ramani mpya uende nayo pamoja na ile ya zamani, kama ganzi imehama au imepanda dokta ataona. Kwa sasa kagua nyayo zako kila jioni na usipashe miguu kwenye maji ya moto, mtu mwenye ganzi anaungua bila kusikia.